Deilili: Uza Shina, Usiuze Ua



Leo tunaweka pembeni parachichi, viazi na mahindi, tunaingia kwenye maua ya uani. Kwa muda sasa vijana wananiuliza swali lilelile, wengine wakinionyesha picha kwenye simu: "Bwana shamba, haya maua ya deilili yanalipa?" Jibu langu ni fupi. Yanalipa, ila hayalipi kama ua. Yanalipa kama mche. Ukikosea hapo, hata ukitunza vizuri namna gani, utapoteza misimu miwili pamoja na hela yako. Ukipata hapo, kipande cha uani cha mita 5 kwa mita 5 kinatosha kuanzia.

Kwa hiyo twende taratibu: mmea wenyewe ni upi, unataka nini kwenye hali ya hewa yetu, unatunzwaje, na hela iko wapi.

TUIFAHAMU KWANZA

Deilili ni mmea unaoishi miaka mingi. Majani yake ni marefu na membamba, yanatoka chini kabisa na kupangana pande mbili kama upepeo uliofunguliwa. Upepeo mmoja wenye mizizi yake ndio tutauita chipukizi. Machipukizi yakijaa mahali pamoja tunapata shina, kama tunavyosema shina la migomba kule Rungwe: mama, mtoto na mjukuu wote wanakaa pamoja. Katikati ya majani linachomoza bua refu lisilo na majani, na juu ya bua ndipo yanapokaa matumba ya maua.

Asili yake ni Asia ya Mashariki, yaani China, Korea na Japani. Jina la kitaalamu ni Hemerocallis, lililoundwa na maneno mawili ya Kigiriki, siku na uzuri. Uzuri wa siku moja. Ua likifunguka asubuhi, jioni au usiku huo limeshanyauka. Kesho yake linafunguka tumba lingine kwenye bua lilelile, keshokutwa lingine. Bua moja linaweza kubeba matumba 10 au zaidi, ndiyo maana ukilitazama shina kwa mbali unaona maua wiki kadhaa, kumbe kila siku ni maua mapya.

Za zamani zilikuwa njano na rangi ya chungwa. Mtaalamu mmoja wa bustani ya mimea ya New York, Arlow Burdette Stout, alianza kuzichanganya mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1934 akatoa kitabu juu yake. Baada yake wakulima wa maua, hasa Marekani, waliendelea, na leo aina zilizosajiliwa zimepita 80,000: nyekundu, zambarau, pinki, zenye jicho katikati, zenye pindo lililojikunja.

Usiichanganye na lili halisi. Lili halisi ukiichimba unakuta kitunguu chenye magamba, na majani yake yamepanda juu kwenye bua. Deilili ukiichimba unakuta mizizi minene kama vidole, na majani yote yako chini. Wataalamu wa mimea walishaiondoa kwenye ukoo wa lili. Siku hizi iko ukoo mmoja na alovera, na pia na lile ua letu la Kitulo lenye kichwa kama mwenge unaowaka, Kniphofia. Kwa hiyo ndugu zake wa mbali wako hapahapa milimani kwetu.

Kwa nini nasisitiza tofauti hii? Kwa sababu watu wanauziwa. Ukienda kununua mche, omba muuzaji autoe kwenye kiriba uone mizizi. Ukikuta kitunguu, hiyo siyo deilili, matunzo yake ni mengine.

KWA NINI HUWEZI KUIUZA KAMA UA LA KUKATA

Kijana mmoja wa Mafinga aliwahi kupanda mashina 200 akiwa ameambiwa na aliyemuuzia miche kwamba wapambaji wa harusi watayagombania. Yakachanua vizuri kweli. Akapata oda, akakata alfajiri, akapeleka ukumbini saa nne asubuhi. Watu walipoingia ukumbini saa mbili usiku, nusu ya maua yalikuwa yamejikunja kama tambara lililonyeshewa. Mpambaji hakumlipa, na mimi simlaumu mpambaji. Kijana naye alitunza shamba lake vizuri, hana kosa la kilimo. Tatizo lilikuwa taarifa: aliuziwa mmea bila kuambiwa tabia yake.

Deilili ukiikata ukaiweka kwenye maji, matumba yaliyokaribia kufunguka yanaweza kuendelea kufunguka moja baada ya jingine. Hiyo inafaa kwenye meza ya nyumbani kwako. Haifai kwa mteja anayetaka ua likae siku 5 hadi 7 bila kubadilika. Kama lengo lako ni maua ya kukata, lima waridi, gladiola au krisanthemamu, hayo ndiyo yanavumilia safari na chombo cha maji.

Lakini angalia upande wa pili. Tabia hiyohiyo inayomwangusha mpambaji inamfurahisha mwenye nyumba. Yeye hataki ua lisafiri, anataka amke asubuhi akute bustani imechanua upya. Huyo ndiye mteja wako, na anachonunua ni shina lenye mizizi.

HALI YA HEWA YETU INASEMAJE

Nyanda za Juu Kusini zinaifaa deilili. Mbeya mjini tuko juu ya mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini chini kidogo ya hapo, Mafinga na Njombe juu zaidi. Mchana hakuna joto la kuunguza, usiku kuna ubaridi, na mvua ya msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ugumu wetu ni miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Hapo maji ya bomba yanakuwa ya mgao na upepo unakausha udongo.

Wakati wa kuchagua aina, muulize muuzaji kitu kimoja: majani yanakauka yote na mmea kulala wakati wa baridi, au yanabaki kijani mwaka mzima? Nyingi zinazolala zimezoea nchi zenye baridi kali na ndefu, na zikikosa baridi hiyo baadhi huendelea kudhoofika mwaka hadi mwaka. Kwetu zinazobaki kijani, au zinazolala nusu, ndizo salama zaidi. Ukiwa Makete au sehemu za juu za Mufindi ambako asubuhi ya Juni na Julai unakuta umande umeganda kwenye nyasi, majani yataungua ncha. Usiogope wala usiyang'oe. Mizizi iko hai, na joto likirudi yatachipua.

Jua ni lazima. Angalau saa 6 kwa siku. Chini ya mparachichi au nyuma ya nyumba kwenye kivuli itakupa majani mengi na maua ya kuhesabu. Aina za maua mekundu iliyokolea na zambarau zinapenda kivuli chepesi cha mchana, kwa sababu jua la saa nane linazibabua.

UDONGO NA SHIMO

Deilili haichagui sana udongo, ila haipendi kukaa na miguu majini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuangalia maji yanavyopita. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yapotee, kisha jaza tena. Kama maji ya mara ya pili bado yapo baada ya saa kadhaa, panda kwenye tuta lililoinuliwa sentimita 20 au zaidi. Wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, mvua yenu ni nyingi, ninyi pandeni kwenye tuta moja kwa moja.

Udongo wa volkano wa Uyole na maeneo ya jirani ni mwepesi na unapitisha maji vizuri, lakini ukiacha kumwagilia unakauka haraka. Huko ongeza mboji nyingi ili ushike unyevu. Kwenye udongo mwekundu unaoshikamana, mboji hiyohiyo inafanya kazi nyingine, inaulegeza. Kipimo changu ni ndoo moja ndogo ya samadi iliyoiva, au mboji, kwa kila shina, ikichanganywa na udongo wa juu.

Narudia: iliyoiva. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Na ninyi wa Mafinga mliozungukwa na mashine za mbao, maranda mabichi msiyachanganye kwenye shimo. Yakioza yanakula naitrojeni ya udongo na mmea unabaki njano. Yaacheni yaoze mwaka mzima, au myatumie juu kama matandazo tu. Pumba za mpunga kutoka Mbarali au Kyela nazo ni nzuri kwa kulegeza udongo wa viriba.

Maeneo yenye mvua nyingi udongo wake mara nyingi una tindikali. Deilili inapenda tindikali kidogo tu, pH 6 hadi 6.5. Kama una mpango wa kupanda zaidi ya mashina 50, pima udongo kwanza kabla ya kumwaga chokaa kwa kukisia.

KUPANDA HATUA KWA HATUA

1. Panda mvua zikishatulia, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kama una maji ya uhakika, Septemba nayo inafaa.

2. Ondoa mizizi iliyooza kwenye mche, kisha fupisha majani yabaki sentimita 15 hivi. Mche uliopoteza mizizi hauwezi kunywesha majani marefu.

3. Chimba shimo pana kuliko mizizi ilivyo. Katikati ya shimo tengeneza kichuguu kidogo cha udongo, kaa mche juu yake, tandaza mizizi pande zote ielekee chini.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Angalia shingo ya mmea, yaani pale majani yanapokutana na mizizi. Shingo ifukiwe sentimita 2 hadi 3 tu. Ukiifukia sana inaoza au mmea unagoma kuchanua. Ukiiacha juu inakauka.

5. Shindilia kwa mikono, mwagilia maji mengi siku hiyohiyo, kisha weka matandazo ya nyasi kavu sentimita 5, yasiguse shingo.

6. Nafasi kati ya shina na shina iwe sentimita 45 hadi 60. Kwenye kitalu cha kuzalisha miche unaweza kwenda sentimita 50 kwa 50.

Mwaka wa kwanza nafasi iliyobaki katikati usiiache wazi. Panda kitunguu saumu, kitunguu maji au saladi. Usipande nyanya, kwa sababu minyoo fundo ikiingia kwenye kitalu chako, utaiuza kwa wateja wote bila kujua.

MATUNZO YA KILA SIKU

Maji. Mche mpya unahitaji maji mara mbili kwa wiki mpaka ushike. Ukishazoea, mwagilia mara moja kwa wiki lakini maji yazame sentimita 15 au 20. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunafundisha mizizi kukaa juu. Kipindi cha matumba ndicho usikose maji kabisa, kwani mmea wenye kiu unadondosha matumba kabla hayajafunguka.

Mbolea. Mwanzo wa mvua ongeza mboji kuzunguka shina, na ukiwa na NPK tumia kijiko kimoja cha chakula kwa shina, umbali wa kiganja kutoka kwenye shingo. Rudia nusu ya kiasi hicho Februari. Usimwage CAN au urea ukidhani unasaidia. Naitrojeni ikizidi unapata majani ya kupendeza mbuzi na maua machache.

Usafi. Ondoa maua yaliyonyauka kila siku mbili tatu. Bua likishamaliza matumba yote, likate karibu na ardhi. Majani makavu vuta kwa mkono, yanatoka yenyewe. Mbegu usizisubiri, kwanza zinanyonya nguvu ya mmea, na pili aina zilizochanganywa ukizipanda kwa mbegu hazitoi ua linalofanana na la mama. Ile ya rangi ya chungwa iliyozoeleka, Hemerocallis fulva, kwa kawaida haitoi mbegu kabisa. Inasambaa kwa mizizi, kwa hiyo iwekee mpaka isije ikavamia matuta mengine.

WADUDU NA MAGONJWA

Deilili siyo mmea wa kupigwa dawa kila wiki, na hiyo ni faida yake kubwa. Lakini uwe na macho.

Vidukari na vithiripi hujificha katikati ya majani machanga na kwenye matumba. Matumba yakitoka yamepinda au yana mabaka, fungua moja utaviona. Vidukari vinaondoka kwa maji yenye nguvu au maji ya sabuni ya mche, yakipulizwa jioni. Vithiripi ni vigumu zaidi, vunja matumba yaliyoathirika uyachome.

Utitiri mwekundu huja kiangazi, Septemba na Oktoba, kwenye mimea yenye kiu na vumbi. Majani yanapauka na unaona utando mwembamba upande wa chini. Osha majani, mwagilia, punguza vumbi.

Konokono wanapenda matandazo mabichi wakati wa mvua. Waokote usiku kwa tochi.

Kuoza shingo kunatokana na maji kutuama au samadi mbichi. Majani yanatoka kwa urahisi ukiyavuta na chini kuna harufu mbaya. Chimba, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, acha likauke kivulini siku moja au mbili, panda sehemu nyingine.

Kutu ndiyo ya kuogopa kwa mfanyabiashara. Unaona vipele vidogo vya rangi ya chungwa kwenye majani, ukipitisha kidole au karatasi nyeupe unabaki na unga. Unga huo unasafiri kwa upepo, mikono na nguo. Ugonjwa huu ulionekana Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na ndani ya miaka michache ukawa umeenea majimbo mengi kwa njia ya miche iliyouzwa. Ukiuona, kata majani yote ya shina hilo, yachome, tenga eneo, usiuze kitu mpaka majani mapya yatoke safi.

KUGAWA MASHINA: HAPA NDIPO BENKI ILIPO

Baada ya miaka 3 hadi 5 shina la bustanini linajazana na maua yanapungua. Linahitaji kugawanywa hata kama hutaki biashara. Kwenye kitalu cha kuuza tunagawa mapema zaidi, mara lishapo kuongezeka vya kutosha.

Mwagilia siku moja kabla. Zungushia jembe la uma au sepeto sentimita 20 kutoka kwenye shina, linyanyue lote. Kung'uta udongo, osha mizizi kwa maji uone vizuri. Machipukizi mengi yanaachana ukiyatikisa na kuyavuta kwa mikono. Yaliyoshikana sana kata kwa kisu kikali kilichosafishwa, kila kipande kibaki na majani, shingo na mizizi yake. Kisu kifute kwa spiriti kabla ya kuhamia shina lingine.

Usiuze chipukizi moja moja. Linaishi, lakini linachukua muda mrefu kuchanua, na mteja atasema umempa majani. Kiriba cha kuuza kiwe na machipukizi 3. Kikae kwenye kitalu wiki 6 hadi 8, chini ya kivuli chepesi mwanzoni kisha kwenye jua, mpaka mizizi ishike udongo. Mche uliogawanywa jana na kuuzwa leo ndio unaoua jina lako.

TUPIGE HESABU

Nitatumia mwendo wa polepole makusudi, yaani kila chipukizi linazaa lingine moja kwa mwaka. Ukitunza vizuri aina nyingine zinazidi hapo, lakini biashara usiipange kwa matumaini.

Novemba ya kwanza unapanda mashina 50 yenye machipukizi 3 kila moja: 150. Kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 50 yanachukua mita za mraba 12.5. Hiyo ni nusu ya ile mita 5 kwa 5 niliyosema mwanzo.

Novemba ya pili una 300. Huuzi. Unagawa na kupanda yote, mashina 100, mita za mraba 25.

Novemba ya tatu una 600. Unabakiza 300 kama mama, unauza 300, yaani viriba 100.

Kuanzia hapo kila mwaka mama 300 wanakupa viriba 100 vya kuuza bila kupunguza kitalu. Ukivumilia mwaka mmoja zaidi bila kuuza, Novemba ya nne una 1,200. Unabakiza 600, unauza viriba 200 kila mwaka.

Sasa bei. Zungukia vitalu vya mjini kwako, uliza bei ya maua ya viriba, weka namba yako. Kwa mfano tu, ukiuza kiriba shilingi 3,000, viriba 100 ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Toa viriba vyenyewe, samadi, maji na usafiri. Umeona? Siyo hela ya kukodi shamba wala kuacha kazi nyingine. Ni hela ya uani, inayoingia kila mwaka kutoka sehemu ndogo, kwa kazi ya saa chache kwa wiki, pembeni ya parachichi au mboga zako.

Na hapo ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo: usichukue mkopo kwa ajili ya deilili. Mkopo wowote unaoanza kurejeshwa baada ya miezi michache utakufikia kitalu bado hakijatoa hata kiriba kimoja. Anza na mashina unayoweza kulipia mfukoni, hata 10, uyaache yakue yenyewe. Mmea huu unakukopesha wenyewe, riba yake ni subira.

SOKO

Wateja ni watu wanaojenga. Angalia nyumba zinazoisha pembezoni mwa mji, lodge mpya, makanisa, shule binafsi, vituo vya mafuta. Mafundi wa bustani wanaozunguka na baiskeli za maua nao ni wateja wazuri wa jumla.

Uza wakati inachanua. Mteja hanunui majani, ananunua rangi anayoiona. Weka mashina machache ya maonyesho kando ya njia, kila rangi na kibao chake. Wakati wa maua funga kamba ya rangi kwenye kila shina, kwa sababu yakishaisha majani yote yanafanana na utauza njano kwa aliyetaka nyekundu.

Mwambie mteja ukweli kabla hajalipa: ua moja ni siku moja, shina ni wiki nyingi. Anayejua hivyo atarudi mwaka ujao kuongeza. Mama mmoja wa Uyole aliniambia, "Mwanangu, mimi ninapenda hivyo hivyo, kila asubuhi nina mgeni." Huyo alinunua kwa sababu ya tabia ileile iliyomtia hasara kijana wa Mafinga.

TAHADHARI NNE

Paka. Deilili ni sumu kali kwa paka, inaua figo zake. Sehemu zote za mmea zina sumu hiyo. Mwenye paka ndani mwambie wazi, ni afadhali ukose mauzo.

Kula. China wanakula matumba ya aina fulani yakiwa yamekaushwa. Usije ukaiga kwa ua lolote uliloliita lili. Lile yungiyungi la porini lenye petali nyekundu na njano zilizogeuka juu, linalopanda kwa ncha za majani, Gloriosa, ni sumu inayoua mtu.

Mipaka. Usibebe miche kwenye begi kutoka Zambia kupitia Tunduma au kutoka Malawi kupitia Kasumulu. Kuingiza mimea kunahitaji kibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Kutu na minyoo fundo huvuka hivyohivyo, kwenye begi la mtu mwenye nia njema.

Porini. Usichimbe maua ya Kitulo wala ya milima mingine ili kujaza kitalu. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Tumeshaona okidi za milima yetu zikichimbwa kwa wingi na viazi vyake kuvushwa kwenda Zambia kutengenezea chikanda. Okidi iliyochimbwa kiazi hairudi. Deilili unaigawa, mama anabaki na watoto wanauzwa. Mwenye kitalu kizuri hana sababu ya kupanda mlimani na sepeto.

KAZI YA WIKI HII

Pima eneo lako la uani lenye jua la saa 6. Fanya jaribio la shimo na maji. Anza lundo la mboji leo ili Novemba ikikuta liwe limeiva. Halafu zungukia vitalu viwili vya mji wako, uliza rangi zipi watu wanaulizia na hazipo. Hizo ndizo rangi za kuanza nazo.

Kazi njema, tukutane makala ijayo.